Kizazi cha Malkia

Kadzo alimjua Malkia kwa mkoromo kabla hajamwona. Mkoromo ule ulipita mlangoni, ukapita benchi la wenye kuku na paka, ukamfikia kule ndani ya kliniki ya wanyama alikokuwa akichemsha mikasi, nao haukuwa wa mbwa aliyelala. Ulikuwa wa mbwa anayeitafuta hewa na kuikosa.

Akatoka mbio. Kahindi alikuwa amesimama mapokezini, shati lake la ofisini limemgandia mgongoni kwa jasho, amemkumbatia Malkia ndani ya taulo. Ulimi wa mbwa ulikuwa umegeuka zambarau. Tumbo lilikuwa limejaa hadi ngozi inang'aa.

Kadzo alilitazama lile tumbo, kisha akamtazama mchumba wake.

"Ana mimba," alisema.

"Kadzo, nitakueleza."

"Uliniahidi."

"Msaidie kwanza, nakuomba. Nitukane baadaye."

Ilikuwa Februari, mwaka wa tisini na sita, na joto la kaskazi lilikuwa limeufanya mji mzima kuwa tanuri. Hata watu wenye pua zao kamili walikuwa wakitafuta vivuli. Malkia hakuwa na pua kamili. Alikuwa wa aina ile ya mbwa wadogo wenye uso bapa, ngozi ya mikunjo na macho ya kutokeza, ambao Wazungu huwaita pagi, na kadiri uso ulivyobanwa ndivyo wanunuzi walivyompenda mbwa. Tundu zake za pua zilikuwa mikato miwili myembamba, kama alama za ukucha kwenye unga. Alikuwa ameshapasuliwa mara mbili ili azae, maana vichwa vya watoto wake vilikuwa vipana kuliko njia. Baada ya mara ya pili, wakiwa wameketi ufukweni Mama Ngina na mihogo ya kukaanga mapajani, Kahindi alimshika Kadzo mkono akamwambia, "Basi. Hazai tena. Nimekuapia." Siku ile Kadzo alimpenda kuliko siku aliyokuja kwao kumposa.

Sasa alimpokonya Malkia mikononi. Mwili wa mbwa ulikuwa unachoma.

"Nenda Liwatoni," alimwamuru. "Kwa wauza samaki. Lete barafu, yoyote utakayopata. Kimbia!"

Kahindi alikimbia. Viatu vyake vya ngozi vilisikika vikigonga lami mpaka vikapotea.

Daktari Abdulhalim alikuwa ameshanawa. Alikuwa mzee wa Mji wa Kale, mwembamba, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Jamaa zake walimsema miaka thelathini kwa kugusa mbwa, naye akawajibu kwamba maji ya kujitoharishia yapo tele, lakini roho ikishatoka hakuna maji ya kuirudisha.

"Si yule wa mwaka jana huyu?" aliuliza alipomwona mbwa mezani.

"Ndiye, daktari."

"Lahaula. Nilisema asipandishwe tena."

"Ulisema. Nami nilisema."

Barafu ilifika ndani ya gunia lenye magamba ya samaki, Kadzo akaipanga kwenye mapaja na shingoni mwa Malkia mpaka joto likateremka kidogo, kisha dawa ya usingizi ikaingia na kisu kikafuata. Mtoto wa kwanza alitoka amekwisha kufa. Wa pili alilia. Wa tatu alipofunguliwa kinywa, Kadzo aliona kaakaa limepasuka katikati kuanzia ufizini hadi kooni. Maziwa yoyote ambayo angenyonya yangempitia puani.

"Huyu hawezi kuishi," daktari alisema taratibu. "Tumpumzishe asiteseke."

Kadzo alimshika kiganjani wakati sindano inaingia. Alikuwa mwepesi kama embe changa. Alipoacha kutikisika, Kadzo alimweka juu ya pamba kando ya ndugu yake, akarudi mezani.

"Kizazi kimechakaa," daktari alisema, macho yamo katika kazi yake. "Angalia makovu haya. Naweza kukishona, naweza kukitoa. Mwenyewe amesema nini?"

Kahindi alikuwa nje, mlango mmoja tu ukimtenga naye. Ilitosha kuufungua. Ilitosha kumwita na kumwuliza. Kadzo aliujua uso wake ungekuwaje: angeinamisha macho, angesema wacha nimpigie mama, na mama angesema shoneni.

"Amesema utoe," alijibu.

Na daktari akatoa.

*

Kahindi aliinuka kwenye benchi alipomwona anatoka. Macho yake yalikuwa mekundu. Walijuana hapohapo mapokezini, miaka miwili nyuma, yeye akiwa kijana wa ofisi ya forodha aliyembeba mbwa kama mtu abebavyo mtoto wa kwanza.

"Yu hai," Kadzo alisema. "Na mtoto mmoja. Dume lilikuwa lipi?"

Kahindi aliinamisha macho, na hilo likamwambia Kadzo kila kitu.

"Sultani?"

"Mama alisema uso wa Sultani ndio mfupi kuliko wote. Watoto wangekuwa..."

"Sultani ni mwanawe, Kahindi! Ulimpandishia mwanawe wa kumzaa!"

Wenye kuku na paka waligeuka wote. Kahindi alishusha sauti.

"Hawa ni mbwa, mpenzi. Hawana mambo yetu."

"Kaakaa lao ni kama letu. Nenda ukamwone yule niliyemuua sasa hivi, ukamwambie kwamba hana mambo yetu."

Alimwacha pale, akarudi ndani kumsikiliza Malkia anavyopumua. Neno la kizazi hakulisema. Alijiambia kwamba angelisema akipoa. Lakini Ijumaa ilipita, naye hakupoa.

*

Jumamosi ilikuwa siku ya kupanga harusi. Mzee Kiti, baba yake Kadzo, alikuja kutoka Kaloleni na dada yake, wote wawili wamevaa nguo za kanisani. Walikaribishwa nyumbani kwa Bi Dama kule Mbaraki, nyumba ya vyumba vinne yenye vigae vyekundu na ua uliofagiliwa hadi mchanga ukaacha mistari. Bi Dama, mama yake Kahindi, alikuwa amefanya kazi miaka ishirini kwa mama mmoja wa Kizungu huko Kizingo. Mama yule alipokuwa anarudi kwao, alimwachia masufuria, kitanda cha chuma na mbwa wawili wa uso bapa. Masufuria yalichakaa. Mbwa waliijenga nyumba ile, wakamsomesha Kahindi mpaka chuoni, wakamzika baba yake, marehemu Kavumbi, kwa heshima.

Mambo yalikwenda vizuri. Wali uliliwa, kanisa likatajwa, mwezi wa Agosti ukapendekezwa. Kadzo aliketi kando ya shangazi yake akiwa ameinamisha kichwa kama ipasavyo, na kila alipoinua macho alikutana na ya Kahindi upande wa pili, yakimwomba. Alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa shati la samawati alilonunuliwa na Kadzo sikukuu ya Krismasi. Alipendeza, na Kadzo alimchukia kwa kupendeza.

Sultani alikuwa ameketi karibu na mguu wa meza. Alikuwa anasinzia. Kichwa kilikuwa kikishuka polepole, mkoromo ukipanda, halafu ghafla hewa inakatika na mbwa anashtuka, macho yamemtoka, anatazama huku na huku kama aliyeitwa. Kisha anaanza tena.

"Tazameni huyu!" shangazi alicheka. "Anasinzia kama mzee wa kanisa wakati wa mahubiri."

Wote walicheka. Hata Mzee Kiti alicheka.

"Ndivyo walivyo hawa," Bi Dama alisema kwa fahari. "Wana vituko. Huyu ndiye hazina yangu. Mama yake juzi ametuletea mtoto mmoja tu, lakini apone tu, mzao ujao Inshallah... aa, Mungu akipenda, ndio utakaokuwa wa harusi. Yuko bwana mmoja wa Nyali ameshaagiza wawili."

Kadzo aliinua kichwa.

"Hakuna mzao ujao, mama."

"Umesema nini, mwanangu?"

"Malkia hazai tena. Kizazi kimetolewa."

Sultani peke yake ndiye aliyesikika.

"Kimetolewa na nani?" Bi Dama aliuliza. "Nani aliyeruhusu?"

Kadzo alimtazama Kahindi. "Mimi. Nilimwambia daktari kwamba mwenyewe amekubali."

Kahindi alisimama. Rangi ilikuwa imemtoka midomoni. "Kadzo. Nilikuwa hapo nje. Nimekaa kwenye benchi, nalia. Hukunijia?"

"Ungekataa."

"Hukunijia kuniuliza!"

"Na wewe ulinijia ulipompandisha? Miezi miwili ulikuwa unanisindikiza nyumbani kila jioni, unanishika mkono, na mbwa ana mimba nyumbani kwenu! Kila nilipouliza Malkia yuwapi, ulisema anapumzika!"

"Mwanangu," Mzee Kiti alisema, "hatukuja hapa kwa habari za mbwa."

"Mimi nimekuja kwa habari hizohizo, baba. Mnacheka. Mwajua kwa nini huyu anasinzia ameketi? Akilala, koo linajifunga. Huyu hajalala usingizi wa kunyooka tangu azaliwe. Ametengenezwa hivyo. Watu wamekaa wakachagua mwenye pua fupi wakampa mwenye pua fupi, mpaka pua ikaisha, na sasa tunamcheka kwa kukosa hewa."

Bi Dama aliinuka taratibu, mikono yake miwili imeshika meza.

"Nisikilize vizuri, binti Kiti. Mimi nilifua nguo za watu mpaka kucha zikaning'oka. Mbwa hawa ndio walionitoa kwenye beseni. Wamekula nyama wakati mwanangu anakula sukuma wiki. Wamekwenda kwa daktari wakati mimi nameza mwarobaini. Nani aliyewatesa hapa? Wewe umekuja na cheti chako ukaingia tumboni mwa mbwa wangu kwa uongo. Kwa uongo! Na kesho ukiwa mke humu ndani, ni nini kingine utakachoamua bila kutuuliza?"

Maneno yale yalimchoma Kadzo kwa sababu yalikuwa na haki ndani yake. Na kwa kuwa yalimchoma, hasira yake ilipanda zaidi.

"Basi msihofu," alisema. "Sitakuwa mke humu ndani."

"Kadzo!" shangazi alimshika kanga.

Alijinasua, akatoka.

Kahindi alimfikia njiani, karibu na ukuta wa maghala. Jua lilikuwa la saa nane. Walisimama bila kivuli, wote wawili wanahema.

"Umenivua nguo mbele ya wazee," Kahindi alisema.

"Ulijivua mwenyewe."

"Nisipowazalisha mimi, atawazalisha mwingine. Watu ndio wanaowataka hivyo. Nyuso zile ndizo wanazozipenda."

"Na wakitaka mtoto aliyezibwa pua, utawazibia?"

"Usinifanye mnyama!"

"Sikufanyi mnyama. Mnyama hakuniahidi kitu." Sauti ilimkatika. "Nilidhani unampenda. Ndicho kilichonifanya nikutazame mara ya pili. Ulimbeba kana kwamba... Nikajisemea, mwanamume huyu akinipenda, nitakuwa salama. Kumbe unaweza kumpenda mtu hivyo na bado ukamrudisha kwenye kisu."

Machozi yalimjaa Kahindi, naye hakuyafuta.

"Mama alilia," alisema. "Alisema mara moja tu, kwa ajili ya harusi yetu. Sikuweza kumkatalia mama."

"Najua," Kadzo alisema. "Hilo ndilo linalonitisha."

Akageuka, akaenda zake. Hakufuatwa. Alitembea mpaka Makupa bila kujua anakokwenda, kanga imemteleza begani, na watu wakampisha njia.

*

Jumatatu asubuhi alimwambia daktari Abdulhalim ukweli. Mzee aliweka miwani juu ya meza.

"Ungaliniambia mwenyewe yuwakataa," alisema, "ningalikitoa vilevile. Kilikuwa hakifai. Lakini ungalinipa mimi nichague. Umeutumia mkono wangu kwa uongo wako, mwanangu, na mkono huu nitaulizwa mimi."

"Nifukuze, daktari."

"Sikufukuzi. Lakini wiki hii hushiki mkasi. Utafagia, utaandika majina ya watu, na ukimwuliza mtu jambo, utangoja akujibu."

Kadzo alifagia. Alifagia kwa hasira hadi ufagio ukapoteza nusu ya njiti zake. Hakujua tena amemkasirikia nani: Kahindi, Bi Dama, wanunuzi wa Nyali ambao hajawahi kuwaona, au yule msichana aliyesema "amesema utoe" bila kupepesa macho.

Ijumaa, watu walipokuwa wamepungua, kivuli kilisimama mlangoni. Alikuwa Bi Dama, amevaa leso mbili na viatu vya kanisani. Kadzo aliacha kufagia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bi Dama hakuketi. "Sikuja kukuomba msamaha. Wala usidhani nimekusamehe. Ulinifedhehesha sebuleni kwangu na chakula changu mdomoni."

"Ni kweli, mama."

"Lakini neno ulilolisema sikuweza kulitoa masikioni. Tangu Jumamosi nimekuwa nikimtazama Sultani. Nikiwa napika, namtazama. Nikiwa nasali, namtazama. Kila akisinzia anashtuka. Juzi nikamwekea mto chini ya kidevu, nikakishikilia kichwa kwa mkono wangu. Akalala. Saa nzima, Kadzo. Mkono ukafa ganzi. Miaka sita ninaye, na sijawahi kumshikia kichwa." Alikitazama kiganja chake. "Nilidhani ndiyo pumzi yao. Nilivyowakuta kwa yule mama wa Kizungu, ndivyo walivyokuwa. Hakuna aliyeniambia."

Kadzo aliuegemeza ufagio ukutani.

"Nataka ahasiwe," Bi Dama alisema. "Na daktari aweza kuzipanua zile tundu za pua, hewa ipite?"

"Aweza kidogo. Koo hatuwezi kulibadilisha. Lakini atapata nafuu."

"Basi afanye vyote. Yule mtoto mmoja naye, Nyali hendi. Kahindi ameshampigia yule bwana. Bwana alimtukana, naye Kahindi alimtukana vilevile. Sijawahi kumsikia mwanangu akitukana mtu." Kwa mara ya kwanza kitu mfano wa tabasamu kilimpitia, kikatoweka. "Yuko nje na mbwa. Anaogopa kuingia."

Kadzo alitoka. Kahindi alikuwa amesimama chini ya dirisha, kamba mkononi, Sultani miguuni pake akihema. Alikuwa amekonda. Macho yao yalipokutana, Kadzo alisikia moyo wake ukigonga vilevile kama zamani, na jambo hilo lilimuudhi.

"Nilimdanganya daktari," alisema kabla Kahindi hajasema. "Nilipaswa kuja kukuuliza, hata kama ungekataa. Kosa hilo ni langu, sikusingizii wewe."

"Na langu?"

"Lako bado linanichoma."

"Baba yako amenipigia simu ofisini. Amesema nisikanyage Kaloleni mpaka wewe mwenyewe uniite."

"Amesema vyema."

"Utaniita?"

"Sijui, Kahindi. Usinisukume. Ukinisukuma nitasema hapana, na sitaki kusema hapana."

Kahindi alitikisa kichwa polepole, kukubali. Kadzo aliichukua ile kamba bila kugusa vidole vyake, akamwinua Sultani, akaingia naye hadi kwenye chumba cha upasuaji. Daktari alikuwa anajaza sindano. Mbwa aliponusa dawa, alianza kutapatapa, na kadiri alivyotapatapa ndivyo alivyokosa hewa.

"Mshike atulie," daktari alisema. "Akipaparika hivi tutampoteza kabla hatujaanza."

Kadzo alijaribu. Alimbembeleza, akamwita kwa jina, lakini Sultani alikuwa akitazama mlango tu. Ndipo alipoinua sauti kwa ukali, kama mtu anayegomba.

"Kahindi! Ingia! Unangoja nini huko?"

Kahindi aliingia mbio. Aliinama mezani, akalitia shavu lake karibu na ule uso bapa, akasema maneno ya Kigiriama taratibu, yale asemayo mtu kwa mtoto. Sultani alitulia. Kadzo aliushika mguu wa mbele, akautafuta mshipa. Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya mgongo wa mbwa, na wa Kahindi ukaja ukatua hapohapo, juu ya vidole vyake.

Hakuutoa. Lakini uso wake hakumgeuzia.

"Haya," daktari alisema, "bismillahi."